Kupiga Muhuri Mapigo ya Saa ya Pendulamu: Namna ya Kuchagua Vifaa

Nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kwenye ukuta wa sebule kuna saa ya pendulamu ya Kijerumani aliyotuachia babu mzaa mama. Kwa miaka mingi mtu wa kwanza kuamka ndiye aliyekuwa akiisogeza mbele, maana tuliizoea kuwa inachelewa. Mimi nilitaka kujua inachelewa kiasi gani, na inachelewa lini hasa: mchana wa kaskazi sebule ikiwa kama tanuri, au alfajiri upepo wa bahari unapoingia. Simu na jicho havitoshi kwa kazi hiyo. Inabidi kila pendulamu inapopita itoe pigo la umeme, pigo hilo lipigwe muhuri wa wakati, na mihuri iandikwe kwenye faili usiku na mchana bila mtu kusimama pale.

Nimeifanya kazi hiyo kwa vifaa vya bei ndogo, baada ya kununua visivyofaa kwanza. Huu ndio mwongozo ambao ningetamani kuupata siku ya kwanza. Unafaa kwa pendulamu, na kwa mabadiliko machache unafaa pia kwa saa za mkononi, mashindano ya baiskeli, au jambo lolote linalotoa mapigo unayotaka kuyapa saa yake.

Hatua ya kwanza: jua pigo lako kabla hujagusa pochi

Watu wengi huanza kwa kuuliza kifaa gani kinapima nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) chache zaidi. Swali la kwanza liwe jingine: chanzo cha mapigo yako chenyewe kinatulia kiasi gani?

Chukua pendulamu yetu. Inakwenda na kurudi mara moja kwa sekunde, kwa hiyo urefu wake wa hesabu ni kama sentimita 24.8. Inayumba sentimita 3 kila upande. Ikipita katikati, mahali inapokwenda kasi kuliko kote, mwendo wake ni kama sentimita 19 kwa sekunde. Fanya hesabu kidogo: kwa mwendo huo inachukua mikrosekunde 5 (sehemu tano za milioni ya sekunde) kusogea mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Lori likipita barabarani, ukuta wa sebule unatikisika zaidi ya hapo. Basi kifaa cha kusoma nanosekunde hakitakuonyesha kitu kipya kuhusu pendulamu hii. Mikrosekunde moja inatosha, na inabaki.

Kwa mbio za baiskeli za Raskazone, milisekunde moja inatosha kabisa. Kwa saa ya mkononi inayogonga mara 5, 6 au 8 kwa sekunde, mikrosekunde kumi ni nzuri. Nanosekunde zinaanza kuwa na maana pale unapolinganisha osilata (kipande kinachotoa mapigo ya umeme kwa mwendo thabiti) moja na nyingine, au moduli moja ya GPS na nyingine. Andika hitaji lako kwenye karatasi kwa namba moja, uibandike mezani. Itakuokolea fedha kila utakapoona tangazo la kifaa kizuri.

Zipo namba nyingine mbili za kukariri. Sekunde moja kwa siku ni sawa na kosa la sehemu 11.6 kwa milioni. Na fimbo ya chuma ya pendulamu hurefuka kwa joto kiasi cha kuichelewesha saa kama nusu sekunde kwa siku kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Namba hizo mbili zitakusaidia kujua kama grafu yako inasema kweli.

Hatua ya pili: chagua muhuri, usichague muda kati ya mapigo

Kaunta, yaani vifaa vya kuhesabu mapigo, nyingi zinazouzwa hupima muda kati ya pigo A na pigo B. Zikishapima hutulia kidogo, huonyesha jibu, halafu hungoja pigo jingine. Mapigo yanayofika wakati zimetulia hupotea. Kwa fundi anayepima kebo hilo si tatizo. Kwa mtu anayefuatilia saa kwa wiki nzima ni hasara, maana ukikosa pigo moja huwezi tena kujumlisha vipande vikupe wakati wote uliopita.

Muhuri ni kitu kingine. Kaunta moja inahesabu bila kusimama, na kila pigo linapofika, namba iliyopo wakati huo inaandikwa. Ni kama karani wa masijala anayegonga muhuri wa tarehe kwenye kila barua inayoingia: yeye hapimi siku zilizopita kati ya barua na barua, lakini mwisho wa mwaka unaweza kuzihesabu mwenyewe kutoka kwenye mihuri. Kutoka kwenye muhuri unapata muda wa kati wakati wowote. Kutoka kwenye muda wa kati hupati muhuri kwa uhakika. Kwa hiyo unapochagua kifaa, uliza kama kinaandika wakati wa kila tukio mfululizo. Kama hakifanyi hivyo, kiache.

Na muhuri upigwe mlangoni. Nimeona watu wanaunganisha kihisi kwenye bodi, yaani kikompyuta kidogo cha chipu moja, bodi inatuma herufi moja kwa USB, halafu kompyuta mpakato ndiyo inayoandika saa herufi ilipofika. Hapo umepoteza kazi. USB hupeleka data kwa zamu za milisekunde moja, na kompyuta nayo ina shughuli zake kabla haijaiangalia herufi yako. Bodi iliyo karibu na kihisi ndiyo ipige muhuri. Kompyuta ipokee namba iliyokwisha kukamilika, hata ikichelewa nusu dakika haidhuru.

Hatua ya tatu: kihisi

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu usahihi mwingi hupotea kwenye kihisi na watu huenda kuutafuta kwenye kaunta.

Usitumie kile kihisi cha mwanga cha duara chenye mistari ya nyoka, LDR. Kinachelewa kwa makumi ya milisekunde, na kuchelewa kwenyewe hubadilika kulingana na mwanga wa chumba. Usitumie swichi ya sumaku pia. Chuma chake kinarukaruka kinapogusana, na sumaku unayoifunga kwenye pendulamu huvutwa na chuma kilicho karibu, kwa hiyo unaibadilisha ile ile saa unayotaka kuipima.

Kinachofaa ni geti la mwanga la umbo la herufi U: upande mmoja taa ya infraredi, upande wa pili fototransista inayohisi mwanga huo, na upenyo wa milimita chache katikati. Printa mbovu zinazo, mara nyingi zaidi ya moja. Mimi langu nililitoa kwenye printa iliyokuwa imelala stoo ya shule moja. Hujibu kwa mikrosekunde kumi hivi, na la maana zaidi, hujibu vile vile kila mara.

Ncha ya chini ya pendulamu nilibandika kijiti chembamba cha plastiki nyeusi, kilichokatwa kwa wembe ili ukingo wake uwe mkali. Geti likakaa kwenye kipande cha mninga kilichofungwa kwa skrubu kwenye sanduku la saa, kijiti kikipita katikati ya upenyo bila kugusa. Weka geti mahali pendulamu inaposimama ikiwa imetulia, maana hapo ndipo inapopita kwa kasi kubwa na ukingo wa pigo unakuwa mkali. Ukiliweka pembeni, pendulamu inapita polepole na muhuri unayumba.

Kwa umeme: taa ya infraredi ipewe volti 5 kupitia rezista ya omu 220. Fototransista ivutwe juu na rezista ya kiloomu 4.7 kwenda kwenye volti 3.3, kwa sababu bodi nyingi za sasa hazivumilii volti 5 kwenye pini zake. Kati ya geti na bodi weka chipu ya 74HC14 iliyowashwa kwa volti 3.3. Chipu hiyo ina mipaka miwili, mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka, kwa hiyo ukingo mvivu au wenye kelele unatoka ukiwa safi, na pigo moja halihesabiwi mara tatu.

Jua la alasiri lilinisumbua. Dirisha letu linaangalia magharibi, na ikifika saa kumi mwanga unaingia moja kwa moja kwenye upenyo wa geti. Fototransista ikajaa mwanga na mapigo yakapotea. Kipande cha karatasi ngumu nyeusi kilichokunjwa kama paa kililimaliza tatizo.

Andika kingo zote mbili za pigo, kijiti kinapoingia na kinapotoka. Muda kati ya kuingia na kutoka unakupa kasi ya pendulamu, na kasi inakupa upana wa myumbo. Upana una maana yake, kwa sababu pendulamu inayoyumba sana huchelewa: kwa digrii 1 kila upande ucheleweshaji ni kama sekunde 1.6 kwa siku, kwa digrii 3 ni karibu sekunde 15. Spring'i ikilegea mwisho wa wiki myumbo hupungua, na saa huharakisha bila joto kuhusika. Bila kingo zote mbili hutajua.

Kwa saa ya mkononi acha geti. Kile kisahani cha shaba cha kengele ya piezo, kilichobanwa kwenye mfuniko wa saa, husikia kila pigo vizuri, pamoja na amplifaya ndogo. Tafuta tu saa ya utulivu, maana husikia bodaboda pia.

Hatua ya nne: bodi ya kupiga mihuri

Nilianza na Arduino Uno kwa sababu nilikuwa nayo. Amri yake ya micros() husoma wakati kwa hatua za mikrosekunde 4 na hurudi sifuri kila baada ya dakika 71 na nusu hivi, jambo ambalo programu inaweza kulishughulikia. Nikaiacha wiki tatu. Nilipochora grafu, saa ya babu ilionekana inabadilika kwa sekunde 10 na ushei kwa siku kati ya asubuhi na alasiri.

Nilifurahi, nikadhani nimeipata siri ya saa. Kisha nikarudi kwenye ile namba ya nusu sekunde kwa digrii. Sebule yetu hubadilika digrii 5 au 6 kwa siku. Fimbo ya chuma ingeleta sekunde 3. Nyingine zilitoka wapi? Zilitoka kwenye Uno. Mwendo wa chipu yake unatoka kwenye rezoneta ya kauri, ambayo kosa lake linaruhusiwa kufika nusu ya asilimia, na huyumba na joto. Wiki tatu nilikuwa nikipima joto la Uno kwa kutumia saa ya babu.

Uno haifai kutupwa. Ndani ya ATmega328P, chipu yake kuu, kuna kaunta inayonasa namba yake papo hapo ukingo unapofika kwenye pini ya 8, bila kungoja programu iamke. Kwa mwendo wa megahezi 16, yaani hatua milioni 16 kwa sekunde, unapata hatua za nanosekunde 62.5. Ukiitumia hiyo badala ya micros(), na ukafuata hatua ya tano hapa chini, Uno inatenda kazi nzuri.

Lakini kama unanunua leo, nunua Raspberry Pi Pico. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4, ina kristali ya kwatsi, na ndani yake kuna kaunta ya biti 64 ya mikrosekunde ambayo haitarudi sifuri katika uhai wako. Kwa anayetaka zaidi, vile vitengo vyake vidogo vya PIO hufanya kazi kwa mwendo wa megahezi 125 bila kukatizwa na programu kuu, na hunasa kingo kwa hatua za nanosekunde 16 kwa urahisi. Iandikie programu kwa lugha ya C au kwa PIO. MicroPython ni rahisi kujifunza, ila husimama kidogo inapofagia kumbukumbu yake, na muhuri uliopigwa wakati huo unachelewa. Bodi ya ESP32 nayo ina sehemu ya kunasa kingo kwa hatua za nanosekunde 12.5. Kama unayo tayari mezani, itumie.

Raspberry Pi ile kubwa yenye Linux ni nzuri ukitaka seva ya wakati ya nyumba. Kwa mapigo ya pendulamu, ni mzigo mkubwa na hula umeme.

Vifaa vya juu navyo vipo. picPET, ya Tom Van Baak, ni chipu moja tu inayopiga mihuri kwa hatua za nanosekunde 400 ikipewa megahezi 10. TICC ya TAPR, kikundi cha wapenzi wa redio, ina njia mbili na inasoma pikosekunde 60, lakini inahitaji osilata nzuri ya megahezi 10 kutoka nje, na bila hiyo haina thamani. Kaunta za maabara kama HP 53131A hupatikana zikiwa zimetumika, nzito, zenye feni, na kazi yake hasa ni kupima frikwensi na muda wa kati. Kama namba uliyobandika mezani ni mikrosekunde, ukinunua vifaa hivi utakuwa umenunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Hatua ya tano: saa ya kuisimamia bodi

Hata Pico haijui sekunde. Kristali yake inaweza kukosea sehemu 30 kwa milioni, yaani sekunde 2.6 kwa siku, na joto linaisogeza. Muuza nafaka wa Mgandini anaweza kuwa na mizani inayosoma gramu moja moja, lakini mteja anaiamini kwa sababu ya mawe yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kwa wakati, jiwe hilo tunalipata bure kutoka angani.

Moduli ya GPS kama u-blox NEO-6M hutoa pigo moja kila sekunde, linaloitwa PPS. Moduli ikishapata setilaiti, ukingo wa pigo hilo hukaa ndani ya makumi ya nanosekunde ya sekunde ya kweli. Bodi nyingi za bei rahisi zina matundu manne tu: umeme, hasi, kutuma na kupokea. PPS haipo. Lakini ipo kwenye pini ya 3 ya moduli yenyewe, ile ile inayowasha kitaa kinachomekameka. Mimi nililehemu uzi mwembamba wa shaba kwenye mguu wa rezista ya kitaa hicho, nikaubana kwa tone la gundi ya moto ili using'oke. Kabla hujanunua, tafuta bodi yenye tundu lililoandikwa PPS, utajiokolea jioni nzima.

Sasa jambo ambalo ndilo moyo wa mwongozo huu. Usitumie GPS kuisahihisha kristali. Ingiza PPS na mapigo ya pendulamu kwenye kaunta ile ile, yote yapigwe mihuri kwa hesabu ile ile, halafu ufanye hesabu baadaye. Tazama mfano. PPS moja ilipofika, kaunta ilisoma 48,000,212. PPS iliyofuata ikafika kwenye 49,000,230. Basi sekunde moja ya kweli ilikuwa na hatua 1,000,018 za bodi: bodi inakimbia sehemu 18 kwa milioni, na kama ningeiamini ingenidanganya sekunde moja na nusu kwa siku. Katikati ya hizo mbili pendulamu ilipita kwenye 48,250,300. Toa 48,000,212, unabaki na 250,088. Gawanya kwa 1,000,018. Pendulamu ilipita sekunde 0.2500835 baada ya PPS ya kwanza. Kosa la kristali limejifuta lenyewe, kwa sababu kristali inatakiwa kutulia kwa sekunde moja tu, na hilo hata Uno inaliweza.

Hivyo bodi ya dola chache na GPS ya kawaida vinakupa mihuri ambayo haipotei hata kwa mwaka mzima. Antena iwekwe nje au dirishani, ione anga. Paa letu la mabati liliizuia kabisa, nikaipeleka barazani kwa kebo. Hapa karibu na ikweta setilaiti zipo pande zote, kwa hiyo anga ikiwa wazi hazikosekani.

Mtego mmoja: wakati wa GPS uko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia nzima, kwa sekunde 18 tangu mwaka 2017. Moduli iliyowashwa baada ya kulala muda mrefu inaweza kukupa saa isiyo sahihi kwa sekunde kadhaa mpaka ipokee taarifa hiyo, na ujumbe mzima wa setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Washa, subiri robo saa, ndipo uanze kuandika.

Kama huna anga, moduli ya saa ya DS3231 ni njia ya pili. Kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, sawa na sekunde 0.17 kwa siku, na hutoa pigo la kila sekunde pia. Haifikii GPS, ila inaishinda kristali tupu kwa mbali.

Hatua ya sita: umeme, nyaya na chumvi

Umeme ukikatika, rekodi inakatika, na utakatika. Usiweke tumaini kwenye pawabanki ya simu. Pico na GPS kwa pamoja hutumia umeme mdogo kiasi kwamba pawabanki nyingi hudhani hakuna kilichounganishwa, zikajizima. Betri ya volti 12 ya sola na kipunguzi cha kutoa volti 5 ndiyo ninayoitumia, na tangu niiweke sijapoteza usiku hata mmoja.

Nyaya za jampa ni za siku ya majaribio tu. Hewa ya hapa ina chumvi, na baada ya masika moja pini zinakuwa za kijani na mapigo yanaanza kukosekana bila mpangilio. Lehemu kila kiungo. Waya wa kihisi na waya wa hasi visokotwe pamoja.

Kwenye faili andika sekunde za UTC, namba tupu. Najua kishawishi cha kuandika saa zetu. Lakini saa moja asubuhi ni 7:00 kwenye simu na ni 04:00 kwa UTC, na miezi mitatu baadaye hutakumbuka ulikuwa unatumia ipi. Badilisha kuwa saa za Kiswahili unapochora grafu ya kumwonyesha mama.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuamini

Ingiza PPS ile ile kwenye njia zote mbili za bodi. Mihuri miwili ilingane. Tofauti utakayoiona ndiyo kikomo cha kifaa chako, na kama ni kubwa kuliko ile namba ya mezani, rekebisha programu kwanza. Kwa Pico yangu hazikuzidi mikrosekunde mbili.

Kisha simamisha pendulamu nje ya mwanga wa geti, uache saa nzima. Pasiwe na pigo hata moja. Ukiona mapigo, kuna mwanga au kelele ya umeme inayoingia. Mwisho iendeshe kwa dakika kumi na uangalie tofauti za muhuri na muhuri: pendulamu yetu inapita kila nusu sekunde, kwa hiyo sekunde moja kamili ikitokea ujue pigo limeanguka.

Nilipofikia hapo nilimwita mzee mmoja fundi saa wa mtaani. Nilimwamkia, akaketi, akaweka mpini wa bisibisi kwenye sikio na ncha yake kwenye sanduku. Baada ya dakika moja akasema, "Mwanangu, hii inachechemea. Kushoto inakawia." Nikatazama faili: nusu ya kushoto kama milisekunde 507, ya kulia kama 495. Akainamisha sanduku kidogo sana upande mmoja, akasikiliza, akainamisha tena. Namba zikawa 501 na 501. Usikimbilie kifaa ukaliacha sikio la mtu kama huyo.

Hatua ya nane: wiki ya kwanza

Iache wiki nzima ipite bila kuigusa, isipokuwa kuijaza spring'i siku ile ile ya wiki na wakati uleule. Chora kosa la saa kwa kila siku, na joto la sebule chini yake. Ya kwetu ilikuwa inachelewa dakika 2 na sekunde 9 kwa siku, karibu sawa kila siku, na juu yake mawimbi madogo ya sekunde 2 au 3 yanayofuata joto la mchana.

Ile namba ya dakika mbili ilinisimamisha. Mwaka 1672 Jean Richer, mwanafalaki wa Ufaransa, alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, akakuta inachelewa kama dakika 2 na nusu kwa siku, akalazimika kuifupisha pendulamu. Newton baadaye aliitumia habari hiyo kuonyesha kwamba dunia imefura kwenye ikweta na mvuto wake pale ni hafifu zaidi. Cayenne iko digrii 5 kaskazini ya ikweta. Tanga iko digrii 5 kusini. Saa iliyorekebishwa Berlin ikaletwa hapa bila kuguswa inatakiwa kuchelewa kama dakika 2 na sekunde 20. Inaelekea saa ya babu haikuwa mbovu. Ilikuwa bado inafuata mvuto wa kwao, na hakuna aliyewahi kuizungusha nati yake.

Nati hiyo iko chini ya pendulamu. Yetu ina nyuzi za nusu milimita, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili kwenda juu huharakisha saa kwa sekunde 87 hivi kwa siku. Shika fimbo kwa mkono mmoja isipinde, zungusha mara moja na nusu, iachie, toka chumbani, na usisome mihuri mpaka saa moja ipite na myumbo urudi ulivyokuwa.